Msimbo unaoishi kwenye RAM: kwa nini antivirusi hunyamaza, na nani anaweza kuuona

Ndani ya Windows kuna njia halali ambazo programu moja huzitumia kuingia kwenye kumbukumbu ya programu nyingine. Mwandishi wa programu anayesaka hitilafu anazihitaji. Programu inayomsomea skrini mtu asiyeona inazihitaji. Antivirusi zenyewe huzitumia kutwa nzima. Kwa hiyo mhalifu anayepenyeza msimbo wake ndani ya explorer.exe hafanyi jambo ambalo mfumo haulijui. Anafanya jambo ambalo mfumo ulijengwa uliweze, kwa haki za akaunti ileile iliyofungua kompyuta asubuhi. Ugumu wa kumkamata unatoka hapo. Nafasi ya kumkamata nayo inatoka hapo hapo, kwa sababu njia ikishajulikana inaweza kuwekewa mtazamaji.

Makala hii ni ya wanaotunza kompyuta za ofisi za Arusha na Moshi: kampuni za utalii za Sakina na Njiro, hoteli, saccos, shule, vituo vya afya. Kampuni ndogo ya safari yenye kompyuta sita ina nakala za pasipoti za mamia ya wageni, ankara za maelfu ya dola na barua pepe ambazo mteja aliye Ulaya anaziamini kiasi cha kutuma malipo bila kupiga simu. Hilo linatosha kumvutia mtu. Tutaeleza mbinu hizi kwa kiwango kinachomsaidia anayelinda. Kuzijaribu kwenye kompyuta ya mtu mwingine bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015.

Faili ni kitu kimoja, mchakato ni kingine

Programu ikiwa imelala kwenye diski ni faili. Ukiibofya, Windows huianzishia mchakato: hupewa eneo lake la kumbukumbu, lililogawanywa kurasa za KB 4 kila moja, na kila ukurasa una ruhusa zake za kusoma, kuandika au kutekeleza. Mfumo hukumbuka pia asili ya kila eneo. Kuna maeneo yaliyotoka kwenye faili la diski, mathalani la .exe au .dll, na kuna maeneo ya faragha ambayo mchakato umeyaomba wenyewe ili kuhifadhi data yake.

Kwa kawaida msimbo unaotekelezwa hutoka kwenye eneo lenye faili nyuma yake, na eneo la faragha hubeba data tu. Msimbo uliopenyezwa huvuruga mpangilio huo: unakuta eneo la faragha lina ruhusa ya kutekeleza, na hakuna faili lolote kwenye diski linaloeleza limetoka wapi. Ukiondoka na sentensi moja tu ya makala hii, iwe hiyo. Ila usiifanye hukumu. Programu za .NET, Java, na injini za JavaScript ndani ya vivinjari huzalisha msimbo zikiwa zinakimbia, kwa hiyo nazo huwa na maeneo ya namna hiyo kila siku. Eneo hilo ndani ya chrome.exe halisemi mengi. Ndani ya spoolsv.exe, ambayo kazi yake ni foleni ya printa, linasema mengi.

Jambo lenyewe si geni. Mnyoo Code Red wa Julai 2001 uliishi kwenye RAM tu. Ukiwasha upya seva ulitoweka, kisha ukarudi baada ya muda kwa sababu tundu lilikuwa halijazibwa. Slammer, tarehe 25 Januari 2003, ulikuwa na baiti 376 tu na ulisafiri ndani ya pakiti moja ya UDP kwenda lango (port) 1434. Dakika za mwanzo idadi ya waathirika ilikuwa ikiongezeka maradufu kila sekunde 8.5. WannaCry ya tarehe 12 Mei 2017 ilitumia mlango wa nyuma ulioitwa DoublePulsar, uliokaa ndani ya kerneli, yaani kiini cha Windows, na kupandikiza maktaba ndani ya mchakato wa Windows uitwao lsass.exe moja kwa moja kwenye kumbukumbu. Kiraka cha tundu lile, MS17-010, kilikuwa kimetoka tangu tarehe 14 Machi mwaka huohuo.

Mapenyezo yana sura nyingi, na orodha ya mbinu za wahalifu wa mtandao ya MITRE ATT&CK huyaweka yote chini ya namba T1055. Ya kale na ya wazi zaidi ina hatua nne: mchakato mmoja huomba kuufungua mwingine, huomba nafasi ndani yake, huandika humo, kisha huanzisha uzi (thread) mpya wa utekelezaji. Sura nyingine ni kuanzisha programu halali ikiwa imesimamishwa, kuutoa msimbo wake, kuweka mwingine na kuiachia ikimbie. Kwenye Task Manager utaona jina safi la Microsoft. Nyingine haianzishi uzi wowote mpya, hupindisha uliopo. Tofauti hizi zina maana kwa anayelinda, kwa sababu kila sura huacha alama mahali tofauti, na anayetazama mahali pamoja tu atapitwa.

Antivirusi hutazamia wapi

Ukaguzi wa kwanza ni wa faili. Likishuka kwenye diski hulinganishwa na alama zinazojulikana. Mhalifu huukwepa kwa kutuma faili la kubebea ambalo lenyewe ni jepesi, huku mzigo ukiwa umesimbwa na kufumbuliwa ndani ya RAM pekee. Au hatumi faili la programu kabisa: waraka wa Word unaamsha PowerShell, PowerShell inavuta maandishi kutoka mtandaoni na kuyatekeleza palepale.

Watu huuliza kwa nini antivirusi isikague RAM yote muda wote. Haiwezi. Kwenye laptopu ya GB 8 yenye prosesa ya kawaida, kazi hiyo ingekula kompyuta nzima. Kwa hiyo hukagua tukio linapotokea: mchakato umeanza, uzi umeanzishwa ndani ya mchakato mwingine, ruhusa ya ukurasa imebadilika. Katikati ya matukio hayo msimbo unaweza kujisimba wenyewe wakati umelala. Cobalt Strike, zana halali ya kupima usalama iliyotoka mwaka 2012 na ambayo nakala zake za wizi zimeenea sana, kwa mpangilio wake wa kawaida hulala sekunde 60, huamka kidogo kuuliza amri, kisha hulala tena. Ukaguzi wa RAM kwa ratiba dhidi ya kitu cha namna hiyo ni bahati nasibu.

Ukaguzi wa pili uko ndani ya mchakato wenyewe. Programu nyingi za EDR, yaani zile zinazofuatilia mwenendo wa kompyuta badala ya faili tu, huweka vituo vya ukaguzi kwenye ntdll.dll, maktaba ambayo karibu kila programu huipitia kabla ya kuomba huduma kwa kerneli. AMSI, iliyokuja na Windows 10 mwaka 2015, hukaa vilevile ndani ya mchakato wa PowerShell na kusoma skripti ikiwa imeshafumbuliwa, tayari kutekelezwa. Vituo hivi vina thamani kubwa. Vina pia udhaifu ambao hauwezi kuondolewa: vinaishi kwenye kumbukumbu ya mchakato unaokaguliwa. Ni sawa na kumweka askari alale chumba kimoja na mtu anayemshuku, naye anayeshukiwa ndiye mwenye funguo. Mchakato una haki ya kuandika kwenye kurasa zake, basi unaweza kukifuta kituo au kukizunguka.

Ukaguzi wa tatu uko nje, kwenye kerneli. Huko mfumo humjulisha mlinzi kila mchakato unapoanza, kila uzi unapoanzishwa, kila picha ya programu inapopakiwa, na mchakato wa kawaida hauwezi kuzima taarifa hizo. Kwenye Windows ya biti 64, ulinzi uitwao PatchGuard huwazuia hata watengenezaji wa antivirusi kubandika vitu vyao ovyo ndani ya kerneli, hivyo hutumia njia hizi rasmi. Ili azizime, mhalifu anahitaji kwanza haki za admin, kisha njia ya kufika kerneli, na siku hizi njia anayoipenda ni kupakia draiva halali ya kampuni fulani, yenye sahihi ya kidijitali iliyo halali na kasoro ya zamani, akaitumia kasoro hiyo.

Tukiyaweka pamoja, ukwepaji wote ni swali la mtazamaji anakaa wapi. Aliye ndani ya mchakato hupofushwa kwa haki za mtumiaji wa kawaida. Aliye kwenye kerneli hupofushwa kwa haki za admin na kazi ya ziada. Aliye kwenye kompyuta nyingine kabisa, anayepokea logi, yaani rekodi za matukio, sekunde ileile zinapoandikwa, hawezi kupofushwa kwa yaliyokwisha kumfikia. Ofisi isiyo na fedha za EDR inapata faida kubwa kuliko zote kwa kumpata huyo wa tatu.

Njia rahisi kuliko zote

Kabla ya kwenda huko, kuna ukwepaji usiohitaji ujuzi wowote, na kwenye ofisi zetu ndio unaostahili kutafutwa kwanza. Programu zilizokrakiwa na vifaa vya kuamilisha Windows au Office bila leseni huja na maelekezo yaleyale: zima antivirusi, au ongeza folda hii kwenye orodha ya msamaha. Fundi anafuata, Office inafunguka, mteja analipa, na msamaha unabaki pale miaka. Chochote kitakachoshushwa kwenye folda hiyo baadaye Defender, antivirusi inayokuja na Windows, hatakigusa. Mhalifu hana haja ya kukwepa kitu.

Fungua PowerShell kama admin, uandike:

Get-MpPreference | Select-Object ExclusionPath, ExclusionProcess, ExclusionExtension

Usipofungua kama admin, hutaoneshwa yaliyomo kwenye orodha. Ukikuta C:\ nzima, folda ya Downloads, Temp, au powershell.exe kwenye ExclusionProcess, kompyuta hiyo haina antivirusi, hata kama alama ya kijani iko chini ya skrini. Ondoa kwa Remove-MpPreference -ExclusionPath ukifuatiwa na njia ya folda, kisha washa Tamper Protection kwenye Windows Security ili ulinzi wa Defender usizimwe kwa skripti. Laptopu zinazonunuliwa zikiwa zimetumika zikaguliwe hivi kabla ya kuunganishwa na mtandao wa ofisi. Lililo salama zaidi ni kufuta diski na kusimika Windows upya.

Kuweka mtazamaji: Sysmon

Sysmon ni zana ya bure ya Microsoft inayoandika matukio ya ndani kwa undani ambao logi za kawaida hazina. Husimikwa kwa amri moja, ikiwa na faili la mipangilio la XML:

sysmon64 -accepteula -i mipangilio.xml

Kosa linalowakuta wengi liko kwenye hilo faili. Kila aina ya tukio ina neno onmatch. Ukiandika onmatch="include" na usiweke sharti lolote ndani, maana yake ni usiandike chochote. Ukiandika onmatch="exclude" bila sharti, maana yake ni andika yote. Mtu akipishanisha hayo mawili anakaa miezi akidhani analinda. Na ukisimika bila faili la mipangilio, tukio namba 10, muhimu mno kwa somo hili, haliandikwi kabisa.

Namba za kuzijua si nyingi. Namba 1 ni mchakato kuanza, pamoja na amri yake yote na mzazi wake. Namba 3 ni muunganisho wa mtandao. Namba 8 ni uzi ulioanzishwa ndani ya mchakato mwingine, ile sura ya kale. Namba 10 ni mchakato mmoja kuufungua mwingine. Namba 25, iliyoongezwa kwenye toleo la 13, hutazama picha ya mchakato iliyobadilishwa baada ya kuanza.

Kwenye namba 8, soma SourceImage, TargetImage na StartModule. StartModule ikiwa tupu, uzi umeanzia kwenye kumbukumbu isiyo na faili, na hapo simama usome vizuri. csrss.exe itaonekana mara nyingi kama chanzo kwenye programu za dirisha jeusi la amri. Hiyo ni kawaida. winword.exe kuanzisha uzi ndani ya explorer.exe si kawaida hata siku moja.

Kwenye namba 10, weka sharti la TargetImage kuishia na lsass.exe, la sivyo logi itafurika kwa saa chache. lsass ndiyo inayotunza siri za walioingia kwenye kompyuta, ndiyo maana hulengwa. Tazama GrantedAccess: thamani 0x1010 ina maana mchakato umeomba kusoma kumbukumbu na kupata maelezo machache, na 0x1FFFFF ni haki zote. Kisha soma CallTrace. Ikiwa na neno UNKNOWN, wito umetoka kwenye msimbo usio na faili. Programu za .NET huzalisha UNKNOWN pia, na antivirusi hufungua lsass kihalali, kwa hiyo kaa wiki moja ukisoma yaliyo ya kawaida kwenye ofisi yako kabla hujaanza kushtuka. Wiki hiyo ina faida kuliko orodha yoyote utakayonakili mtandaoni.

Namba 8 haioni sura inayopindisha uzi uliopo. Kwa hiyo usitegemee tukio la kupenyeza peke yake; tazama na kinachofuata. Msimbo uliofichwa lazima ufanye kitu, na mwenyeji wake ana tabia zinazojulikana. svchost.exe halisi iko System32, mzazi wake ni services.exe, na amri yake ina -k. lsass.exe huwa moja tu, mzazi wake wininit.exe. rundll32.exe huitwa ikiwa na jina la faili la kuendesha. Ukiikuta inakimbia bila hoja yoyote huku ikizungumza na anwani ya nje, hiyo ni alama inayojulikana ya Cobalt Strike iliyoachwa kwenye mipangilio yake ya kawaida. spoolsv.exe kuongea na printa kwenye lango 9100 ni kazi yake. spoolsv.exe kuongea na anwani ya nje ya nchi kila dakika moja si kazi yake.

Saa iangaliwe kwa makini. Sehemu ya UtcTime iko kwenye UTC, nasi tuko saa tatu mbele. Tukio lililoandikwa 23:10 limetokea 02:10 kwetu, yaani saa nane na dakika kumi usiku, na tarehe imeshageuka. Wengine wameondoa shaka juu ya tukio kwa kudhani mhasibu alikuwa bado ofisini.

Ongeza na logi za PowerShell. Washa Script Block Logging kwenye Group Policy, na tukio namba 4104 litaandika skripti ikiwa imefumbuliwa. Kisha ondoa PowerShell 2.0 kwenye Windows Features kama bado ipo, maana toleo hilo la zamani halina AMSI wala logi hizi, na mhalifu anaweza kuliita kwa makusudi.

Logi zitoke kwenye kompyuta

Haya yote yakibaki kwenye kompyuta iliyovamiwa, mwenye haki za admin anayafuta kwa amri moja. Kwanza panua logi isizunguke haraka; amri hii huiwekea GB 1:

wevtutil sl Microsoft-Windows-Sysmon/Operational /ms:1073741824

Kisha zipeleke kwingine. Ofisi yenye domeni, yaani kompyuta zote zikisimamiwa na seva moja ya Windows, inaweza kutumia Windows Event Forwarding, ambayo haina gharama na hupita lango 5985. Ofisi isiyo na domeni, nazo ni nyingi, itapata nafuu kwa Wazuh, programu huria ya kukusanya na kuchambua logi. Kwa kompyuta zisizozidi 25, mapendekezo yake ni seva yenye CPU 4, RAM GB 8 na diski GB 50. Kompyuta ya mezani ya kawaida yenye Linux inaiweza, mradi ipewe UPS na isitumike kufungulia barua pepe. Mawakala, yaani programu ndogo zinazowekwa kwenye kila kompyuta ya ofisi, huzungumza nayo kwenye lango 1514, na hujiandikisha kwenye 1515. Akaunti ya admin ya seva hii isifanane kwa jina wala kwa nywila na ile ya kompyuta za ofisi. Ukipuuza hilo, mtazamaji wako amerudi kulala chumba kilekile.

Kama ruta ya ofisi ni MikroTik, nayo itumwe ipeleke logi zake hapo kwa UDP 514. Ruta haioni kumbukumbu ya kompyuta, lakini inaona mapigo: kompyuta moja, anwani moja ya nje, kila baada ya muda uleule, hata usiku ofisi ikiwa imefungwa.

Usiizime

Ukishuku kompyuta, mkono hukimbilia kitufe cha kuzima. Uzuie. Ushahidi uko kwenye RAM, na umeme ukikatika hakuna kitakachobaki cha kusoma. Acha ikiwa imewashwa, laptopu isifunikwe, chaja iwe imechomekwa. Andika netstat -ano na uhifadhi matokeo yake, halafu ndipo uchomoe waya wa mtandao au uzime Wi-Fi.

Sasa chukua picha ya RAM, yaani nakala ya vyote vilivyomo, kwa WinPmem, DumpIt au FTK Imager, ukiwa admin. Kinachoharibu kazi hapa ni flashi. Flashi nyingi zinazouzwa zimeumbizwa kwa FAT32, ambayo haipokei faili linalozidi GB 4, hivyo picha ya GB 8 itakatikia njiani na jaribio la pili litakuwa limeshakanyaga sehemu ya ushahidi. Iumbize kwa exFAT mapema, na iwe na nafasi mara mbili ya RAM. Kwa USB 2.0 inayoandika takribani MB 25 kwa sekunde, GB 8 huchukua kama dakika tano na nusu. Picha iandikwe kwenye flashi, kamwe isiandikwe kwenye diski ya kompyuta hiyo. Ukimaliza, chukua alama ya utambulisho wa faili (hash) kwa Get-FileHash, ambayo kwa kawaida hutoa SHA256, na uiandike kwenye karatasi pamoja na saa.

Uchambuzi ufanyike kwenye kompyuta nyingine kwa Volatility 3:

vol -f picha.raw windows.pstree
vol -f picha.raw windows.netscan
vol -f picha.raw windows.malfind

Mara ya kwanza huhitaji intaneti ili kupakua alama (symbols) za toleo lako la Windows. Bila hivyo hukwama na watu hudhani picha imeharibika. malfind hutafuta maeneo ya faragha yenye ruhusa ya kuandika na kutekeleza kwa pamoja. Eneo likianza na herufi MZ, baiti 4D 5A, kuna programu nzima iliyopandwa humo. Lakini malfind hutegemea ruhusa zilizoandikwa eneo lilipoombwa. Aliyeomba eneo la kuandika tu, kisha akabadilisha ruhusa baadaye, anaweza kupita, na wengi hufuta hizo herufi MZ makusudi. Kurasa nyingine huenda zilikuwa zimehamishiwa pagefile.sys na kwenye picha zikaonekana tupu. malfind ikinyamaza, rudi kwenye pstree na netscan ukatafute mwenyeji anayefanya kazi isiyo yake.

Jambo la Fast Startup wengi hawalijui. Tangu Windows 8, ukibonyeza Shut down, mfumo hufunga programu za mtumiaji lakini huilaza kerneli pamoja na huduma zake ndani ya hiberfil.sys, kisha huirejesha asubuhi. Msimbo uliopenya kwenye huduma ya mfumo unaweza kuvuka usiku namna hiyo. Restart ndiyo inayoanza upya kwelikweli. Anayesema alizima jana na kompyuta bado ina tabia ileile huenda anasema kweli.

Kubana njia

Mambo manne yana uzito kuliko mengine yote. La kwanza ni haki: mhasibu, mpokea wageni na meneja wote watumie akaunti za kawaida, na ya admin iwe ya fundi peke yake. Hilo moja humwekea mhalifu kikwazo kikubwa kati yake na kerneli.

La pili ni lsass. Kwenye HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\Lsa weka RunAsPPL, aina ya DWORD, thamani 1, uwashe upya. Kwenye logi ya System, tukio namba 12 la Wininit litathibitisha kwamba LSASS imeanza kama mchakato uliolindwa.

La tatu ni sheria za Defender za kupunguza njia za shambulio. Inayozuia programu za Office kupenyeza msimbo ndani ya michakato mingine huwashwa hivi:

Add-MpPreference -AttackSurfaceReductionRules_Ids 75668C1F-73B5-4CF0-BB93-3ECF5CB7CC84 -AttackSurfaceReductionRules_Actions AuditMode

Anza na AuditMode, usome tukio namba 1122 kwa majuma mawili, kisha ubadilishe AuditMode kuwa Enabled. Kuanzia hapo kilichozuiwa huandikwa kama 1121. Rasmi sheria hizi ni za Windows Pro na Enterprise, na hufanya kazi Defender akiwa ndiye antivirusi anayetumika. Ukisimika nyingine juu yake, sheria zinalala bila kukuambia.

La nne ni Memory Integrity, chini ya Core Isolation, pamoja na orodha ya Microsoft ya draiva zenye kasoro, ambayo Windows 11 22H2 huja nayo ikiwa imewashwa. Hapa ndipo draiva ya zamani ya skana au kisoma vidole inapogoma. Tafuta draiva mpya kwanza. Kuzima ulinzi huu kwa ajili ya skana ni kumrudishia mhalifu ile njia ya kerneli. Na kompyuta zilizobaki kwenye Windows 10 zijulikane: msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025.

Baada ya kuthibitisha

Kompyuta iliyothibitika haisafishwi, inasimikwa upya kutoka kwenye nakala halali. Ikiwa nakala za pasipoti au taarifa nyingine za watu zimefikiwa, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ijulishwe mapema. Kwa upande wa kiufundi kuna TZ-CERT, iliyo chini ya TCRA. Nywila zote zilizowahi kuandikwa kwenye kompyuta hiyo zibadilishwe kutoka kifaa kingine, ukianza na ya barua pepe, halafu benki, halafu mfumo wa kuhifadhi safari. Kisha fungua kanuni za kisanduku cha barua, moja baada ya nyingine. Kanuni inayohamisha kila barua yenye neno invoice au payment kwenda folda ya RSS, au kuituma anwani ya nje, haiondoki kwa kubadilisha nywila wala kwa kusimika Windows upya. Iko kwenye seva ya barua, na itaendelea kufanya kazi hadi uifute kwa mkono.